Dai la Bahari Aliandike Nani?

Mwaka 2020 maneno "uchumi wa buluu" yalitoka kwenye makabrasha ya wataalamu yakapanda jukwaani. Yalihubiriwa kwenye kampeni, na uchaguzi ulipokwisha yakapata wizara yake hapa Zanzibar, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Tangu hapo bahari imekuwa jambo la siasa. Nililipokea hilo kwa furaha, na furaha hiyo sijaitupa. Kisiwa kinachoishi kwa bahari kisiposhindania bahari kwenye uchaguzi, kitashindania nini? Lakini kila ninapoona bango lenye picha ya ngalawa najiuliza swali moja: maneno yaliyo chini ya picha ile ameyatunga nani?

Hoja zinazofuata nimezisikia kwa watu mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali: Forodhani, kwenye diko la Malindi, ufukweni Paje, na kwenye baraza za Mji Mkongwe baada ya sala ya laasiri. Hapa nimezikalisha baraza moja ili zijibizane. Waliokaa ni wanne. Kuna mama anayelima mwani Paje. Kuna mvuvi wa Malindi ambaye umri umeshamtoa baharini. Kuna kijana wa mjini ambaye kazi yake ni kuwashauri wagombea namna ya kuendesha kampeni. Na kuna Maalim, aliyesomesha jiografia skuli miaka mingi na sasa anapigania mazingira. Majina siyaweki, kwa kuwa sauti hizi ni za wengi. Kahawa imeshamiminwa.

MSHAURI: Nianze mimi, Maalim, kwa ruhusa yako. Nyinyi watu wa mazingira mnashindwa kwa sababu mnazungumza lugha ya ripoti. Mnamwendea mama mwenye watoto watano mnamwambia "bioanuwai" na "mabadiliko ya tabianchi". Hakuna mtu anayekwenda kupiga kura kwa ajili ya tumbawe. Anapiga kura kwa ajili ya bei ya changu na tasi sokoni. Kazi yangu ni kumuonesha kwamba tumbawe likifa na changu haji. Na hapa kwetu hilo lina nguvu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za mpinzani wake, Maalim Seif Sharif Hamad. Mwaka 2010 Dk. Shein alitangazwa kwa 50.1 dhidi ya 49.1 za Seif huyo huyo. Pale ambapo asilimia moja inaamua nani aingie Ikulu, vijiji vya pwani vikishikana juu ya jambo moja hapatakuwa na chama cha kuvipuuza.

MAMA WA MWANI: Umesema vizuri, mwanangu. Lakini mimi nilishapigiwa kampeni kwa picha yangu mwenyewe. Walikuja vijana, sisemi wa chama gani, wakanikuta natoka majini na gunia kichwani. Wakanipiga picha. Wakaniuliza shida zangu, nikazisema zote. Picha niliiona tena barabarani. Shida zangu sikuziona pahala.

MSHAURI: Samahani sana, Bi Mkubwa. Hiyo ni kazi iliyofanywa vibaya.

MAMA WA MWANI: Basi wacha nikueleze kazi inavyofanywa. Sisi tunafuata bamvua. Maji yakitoka kabisa ndipo tunashuka, na saa zetu ni chache mpaka yarudi. Unapigilia mambo mawili, vile vijiti, huku moja na huku moja, unafunga kamba katikati, na kwenye kamba kuna vile vikamba vidogo tunaviita taitai. Kila taitai inashika kichane cha mwani. Unainama, unafunga, unainama, unafunga. Kilimo cha kuuza kilipoanza hapa mwaka 1989, mama zetu walikuwa wanapanda mwani mnene karibu tu na ufukwe, maji ya magoti, na ulikuwa unastawi. Mwani mnene ndio wenye bei. Leo ukiupanda pale pale, maji yakishika joto ncha zinageuka nyeupe. Ukiushika unakatika mkononi kama tambi iliyopikwa ikalala. Kwa hivyo wengi tumebaki na mwembamba, na mwembamba bei yake ni ndogo. Wataalamu wanatuambia tuhamie kwenye kina kirefu, maji ya baridi. Sawa. Nani kati yetu ana mashua? Na wangapi tulifundishwa kuogelea?

Hapo baraza ilinyamaza kidogo. Mimi niliyeandika haya nimezaliwa kisiwani, na swali la kuogelea lilinishitua. Wanawake ndio wengi katika kilimo cha mwani Unguja, wameingia majini miaka thelathini na zaidi, na moja ya yanayowazuia kuufuata mwani kule ulikokimbilia, mbali na mashua, ni kwamba wasichana wetu wengi hawafundishwi kuogelea.

MAMA WA MWANI: Na hapo hapo juu ya kamba zetu wanapita watalii wa kaiti, wale wanaoburutwa na tiara kubwa. Wao wanataka maji matupu, sisi tumejaza mambo. Mwenye hoteli anasema vijiti vyetu vinaharibu sura ya pwani. Mimi sisemi wafukuzwe, wanangu wanafanya kazi huko. Nasema: nani alikaa akachora mpaka wa maji haya ni ya mwani na yale ni ya mchezo?

MSHAURI: Bi Mkubwa, hayo maneno yako ndiyo kampeni yenyewe. "Nani amechora mpaka?" Nipe mimi maneno hayo, nitayafikisha kila jimbo.

MAMA WA MWANI: Ndio unavyoanza tena. Mimi nasema kamba, wewe unasikia tangazo.

MAALIM: Kijana wangu, hoja yako siidharau, na wala haikuzaliwa hapa. Mwaka 2004 huko Marekani watu wawili, Michael Shellenberger na Ted Nordhaus, walitoa makala waliyoiita kifo cha uanamazingira. Walisema kama ulivyosema wewe: kwamba wanamazingira wamejifungia kwenye vifungu vya sheria na takwimu, na wamesahau kuwaambia watu ni maisha gani wanayapigania. Mabwana hao wenyewe walikuwa washauri wa mikakati na watu wa kura za maoni. Makala yao ilizua ugomvi mkubwa, na mimi naiona ina ukweli. Lakini dawa waliyoiandika ilikuwa ya ufundi wao: tuzungumze vizuri zaidi. Mtu wa maneno hutafuta kosa kwenye maneno.

MSHAURI: Na kosa halikuwa huko?

MAALIM: Huko kwao sijui sana. Hapa kwetu kosa liko pengine. Tuangalie Misali, kule Pemba. Kisiwa kile wazee wanasema kiliitwa hivyo kwa sababu Nabii Hadhara alikitumia mithili ya mswala. Wavuvi walikuwa wanapiga baruti kwenye matumbawe yake. Sheria ilikuwepo, faini ilikuwepo, doria ilikuwepo, na baruti iliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000 wakaitwa masheikh, wakakaa na wavuvi kusoma Qur'ani inasemaje juu ya binadamu kuwa khalifa katika ardhi na juu ya ufisadi wa nchi kavu na baharini. Sheikh hakuwa mgeni kwa mvuvi. Wanasali pamoja. Lilipotoka kwake, neno lilikuwa na mwenyewe, na mvuvi alijua wa kumuuliza kesho.

MVUVI: Na Chumbe vilevile. Ilipofungwa mwaka 1994 tulinung'unika, maana tumbawe la magharibi pale lilikuwa na samaki tangu babu zetu. Waliopewa kazi ya kulilinda walikuwa wavuvi, wenzetu. Ukitaka kuingia kuvua unakutana na mtu uliyevua naye jahazi moja. Unaona haya.

MSHAURI: Mzee wangu, haya hayajengi nchi. Haya inalinda tumbawe moja. Mimi nazungumzia serikali, bajeti na sheria. Chukua mifuko ya plastiki. Zanzibar tuliipiga marufuku mwaka 2006, miaka kumi na moja kabla ya Kenya, miaka kumi na tatu kabla ya Bara. Tulikuwa mbele ya wote wawili! Lakini ilitoka juu, hakuna aliyewashirikisha watu, na mifuko iliendelea kuingia kwa njia za panya. Kenya ilipopiga marufuku 2017 kila mwenye duka alijua, kwa sababu jambo lilipigiwa kelele nchi nzima na faini ilifika shilingi milioni nne. Kelele ni kazi ya kitaalamu, Maalim.

Katika hili nampa haki kijana. Tumekuwa na sheria nzuri Zanzibar zikalala kwenye makabati kwa kukosa mtu wa kuzipigia mbiu. Wanaosema ukweli utajisemea wenyewe hawajawahi kujaribu kumfikishia ukweli mwenye duka Darajani saa tano asubuhi.

MAALIM: Kelele ni kazi ya kitaalamu, nakubali. Lakini mtaalamu analipwa na nani? Hapo Kenya umepataja mwenyewe. Mwezi Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwaonesha wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica wakirekodiwa kwa siri. Mmoja wao, Mark Turnbull, alijigamba kwamba wao ndio waliokibadilisha chama tawala cha Kenya sura mara mbili, wakakiandikia na ilani. Chama kilisema kilichonunua kwao ni kazi ya chapa tu. Shirika la Privacy International nalo lilieleza namna kampuni ya Texas, Harris Media, ilivyokuwa nyuma ya matangazo ya kumchafua mgombea wa upinzani, Raila Odinga, mwaka 2017. Na upande wa Raila nao ulikuwa na Mmarekani wao, John Aristotle Phillips, aliyekamatwa na kufukuzwa nchini siku chache kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti. Pande zote mbili, kijana wangu. Ilani ni ahadi ya mtu kwa watu wake. Ikiandikwa na aliyekuja na begi na tiketi ya kurudi, siku ya kudai utamdai nani?

MSHAURI: Mimi si Cambridge Analytica, Maalim. Nimezaliwa Kikwajuni.

MAALIM: Najua, na ndiyo maana nazungumza na wewe. Kikwajuni au Texas, unaajiriwa na mgombea mmoja. Na Zanzibar mgombea ana rangi. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

MAMA WA MWANI: Hapo umegusa, Maalim. Mimi nikilalamika maji yamekuwa moto, jirani yangu anauliza kwanza mimi ni wa chama gani. Nikisema hoteli imeziba njia ya kushukia pwani, naambiwa napinga maendeleo, au naambiwa nimetumwa. Mwani hauna kadi ya chama. Lakini ukishapandishwa jukwaani na upande mmoja, wa upande wa pili hawezi kuuunga mkono hata kama kamba yake imekufa kama yangu.

Nawaomba wasomaji wasiyapite maneno hayo haraka. Siasa zetu tangu uchaguzi wa 1995, na kabla yake enzi za vyama vya kabla ya Mapinduzi, zimegawa watu kwa nyumba na kwa mitaa, mpaka palikuwa na miaka watu hawazikani. Jambo lolote likitiwa rangi linapoteza nusu ya watu siku hiyo hiyo. Mshauri wa kampeni, hata awe na nia safi namna gani, ndiye anayelipwa kulitia jambo rangi.

MVUVI: Lakini tulishawahi kutoka. Novemba 5, 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Sisi tulikuwa hatuamini. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni: serikali ya umoja, ndiyo au hapana. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Mimi nilisimama foleni na mtu ambaye hatukuwa tukisalimiana.

MAALIM: Ahsante, mzee. Swali lilikuwa moja, fupi, na kila upande uliweza kulijibu ndiyo bila kuonekana umeshindwa. Huo ndio mkakati. Mazingira yetu hayajawahi kupata swali kama lile.

MSHAURI: Nani atalitunga swali hilo, kama si mtu wa kazi yangu?

MAALIM: Nikupeleke Lamu, Kenya. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kule kinu cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, karibu na mji ulio kwenye urithi wa dunia kama huu wetu. Fedha zilikuwepo, serikali ilikuwa nyuma yake, na vijana wengi wa Lamu walitaka ajira. Lakini tangu 2011 kulikuwa na jumuiya ya Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji. Wavuvi, wanawake, vijana. Hawakuanza na kusema makaa ni mabaya duniani. Waliuliza: mlitushirikisha lini? Juni 26, 2019 Mahakama ya Mazingira ya Taifa ilifuta leseni. Ilikuta kwamba mikutano waliyoitiwa watu ilikuwa ya utangulizi tu, na ripoti ya tathmini ilipokuwa tayari hawakurudishiwa wakaijadili. Mwaka mmoja nyuma yake, Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya ya Lamu. Ni watu wa pwani, wanaozungumza lugha hii hii yetu.

MSHAURI: Maalim, na mimi nimeisoma kesi hiyo. Walikuwa na mawakili wazuri. Walikuwa na marafiki Nairobi na nje. Walikuwa na kampeni yenye jina lililotungwa kwa ustadi, deCOALonize. Hiyo ni kazi ya nani kama si ya watu kama mimi?

Maalim alichelewa kujibu, na mimi sikumlaumu. Hoja hiyo ni nzito kuliko zote zilizotoka kwa kijana. Kesi ya Lamu isingefika pale bila watu wanaojua kuandika, kupanga, kuzungumza na waandishi wa habari na kutafuta fedha.

MAALIM: Ni kweli. Lakini tazama nani alitangulia. Jina lilikuja wakati watu wameshakaa wakajua wanataka nini. Wakili alikuja akakuta dai. Mtaalamu wa kampeni alikuja akakuta dai. Wenzako Paje walikwenda kutafuta picha.

MVUVI: Nami niulize, maana tunazungumza kama kwamba mbaya ni mwingine siku zote. Mchanga wa kujengea je? Mashimo ya Pangatupu na Donge wameyachimba nani? Sensa ya 2012 tulikuwa milioni moja na laki tatu. Ya 2022 tumekaribia milioni moja na laki tisa. Wote wanataka kujenga.

MAMA WA MWANI: Hata mimi najenga. Mwani umenipa msingi na kuta, bado bati.

MSHAURI: Na hapo ndipo hakuna mgombea atakayenisikiliza. Nikimwambia apunguze mchanga, ameshindwa.

Juu ya mchanga baraza haikupata jawabu, na mimi sina. Ni tatizo ambalo mpiga kura mwenyewe ndiye mchimbaji, na bado halijapata swali lake fupi la ndiyo au hapana. Nimeliacha hapa lilivyo kwa sababu makala za mazingira zinazompa kila mwovu jina la mgeni zimetuchelewesha.

Lakini juu ya maji ya Paje nina la kusema. Kijana ana ufundi tunaouhitaji. Kosa lake ni mpangilio: anafika wakati wa kampeni, akiwa ameshaajiriwa na upande, anachukua maumivu ya mtu anayafanya kaulimbiu, na kaulimbiu haidaiwi na mtu. Dai linataka kuandikwa mapema, kwenye shehia, na walioinama majini, wa vyama vyote, kabla rangi hazijatoka kwenye makopo. Na liwe dai linaloweza kushikwa mkononi. Mpaka wa maji ya mwani uchorwe na usajiliwe. Njia ya kushukia pwani isizibwe. Ripoti ya tathmini ya mazingira isomwe mbele ya wanashehia, kwa Kiswahili, kabla kibali hakijatolewa. Wasichana wa skuli za pwani wafundishwe kuogelea. Mambo manne, ukurasa mmoja, na chini yake saini na dole gumba.

MSHAURI: Na mimi nifanye nini?

MAMA WA MWANI: Wewe mwanangu uje bamvua lijalo, bila ya kamera. Ukishafunga taitai mia moja, tutakaa tuandike. Mkono wako mzuri, utatuandikia wewe. Kisha uwapelekee wagombea wote, si mmoja.

Kijana alikubali. Na mimi nawaomba wasomaji wangu wa Paje, Jambiani, Bwejuu, Chwaka, Nungwi na kwengineko mfanye hivyo hivyo: kaeni, andikeni ukurasa wenu, utieni saini pamoja, wa chama hiki na wa chama kile. Kalenda yetu ya uchaguzi ni ya miaka mitano, na unaofuata ni wa 2030. Mgombea yeyote atakayefika pwani kuomba kura mwaka huo apewe karatasi hiyo kwanza, aisome kwa sauti mbele ya watu, kisha ajibu kila jambo: ndiyo au hapana.